Pijo 504 na Matairi Mapya: Dalili, Chanzo na Dawa

Gari la miaka ya 70 au 80 halina wa kulitetea. Likitetemeka, ni uzee. Likivuta kushoto, ni uzee. Likinywa mafuta kuliko jana, uzee huo huo. Mimi nina Pijo 504 saluni ya mwaka 1982 hapa Mombasa, na nimesikia hukumu hiyo mara nyingi gerejini. Mara nyingi zaidi mkosaji alikuwa tairi jipya lililofungwa wiki iliyopita.

Ndiyo maana naanza na dalili, yaani lile unalolisikia ukiwa umeshika usukani, kisha nashuka hadi kwenye chanzo. Nasemea 504 kwa sababu ndilo gari ninalolijua hadi nati. Tena hazijaisha barabarani. Ziliungwa papa hapa Mombasa hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikabeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, na kabla ya hapo zilikwisha kushinda Safari Rally mara mbili: 1975 kwa mikono ya Ove Andersson na 1978 kwa Jean-Pierre Nicolas.

Kabla ya dalili yoyote, inama usome ubavu wa tairi. Tairi la asili la saluni liliandikwa 175 SR 14 au 175 HR 14. Upana ni milimita 175, R ni radiali (nyuzi za ndani huvuka moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi mwingine), rimu ni inchi 14, na hiyo S au H ni mwendo wa juu kabisa, 180 au 210 kwa saa. Namba ya kimo cha ubavu haipo, na hapo ndipo watu hupotea. Enzi hizo tairi la radiali lisiloandikwa kimo lilikuwa na ubavu wa asilimia 80 na ushei ya upana wake, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuandika. Siku hizi jamaa yake wa karibu huandikwa 175/80R14. Steshenwagoni na pikapu zilivaa 185, kwa sababu ya mzigo.

Sasa nenda dukani. Utakuta 175/65R14, 185/65R15 na 195/65R15 zimepangwa hadi darini, maana ndizo zinazovaliwa na magari madogo ya Kijapani yaliyojaa mjini. Utauliza 80, muuzaji atakutazama kama umeulizia sahani za santuri. Kisha atasema, "Bosi, kumi na nne ni kumi na nne, itaingia." Na kweli itaingia.

"Spidomita inasoma 100 lakini malori yananipita"

Hii ndiyo dalili ya kwanza ya 175/65R14, na ndiyo niliyoanza nayo mimi. Chukua kalamu:

Rimu: 14 × 25.4 = milimita 355.6.
Ubavu wa tairi la 80: 175 × 0.80 = 140, mara mbili (juu na chini) = 280. Kimo chote: 635.6.
Ubavu wa tairi la 65: 175 × 0.65 = 113.75, mara mbili = 227.5. Kimo chote: 583.1.

Tofauti ni zaidi ya milimita 52, karibu asilimia 8. Spidomita hupokea mzunguko wa giaboksi. Haijui umefunga tairi gani. Ikisoma 100, gari linakwenda 92. Injini inalia juu kuliko inavyotakiwa kwa mwendo huo, na tumbo la gari limeshuka sentimita mbili na nusu, jambo utakalolijua kwenye tuta la kwanza.

Kuna kichekesho humo. Kaunta ya kilomita nayo inadanganya upande huo huo. Safari ya Nairobi ya kilomita 480 huhesabiwa kama 523. Ukigawanya mafuta uliyotia kwa kilomita hizo za uongo, gari linaonekana limeanza kula kidogo. Nilimsifu kabureta wangu mwezi mzima kwa kazi ambayo hakuifanya.

Dawa ni kurudi kwenye kimo cha asili, na tofauti isizidi asilimia 2 au 3 juu au chini. Nimepiga hesabu za saizi zinazopatikana:

175/80R14 ina kimo cha 635.6. Hiyo ndiyo yenyewe. Usitafute nyingine ukiipata.
195/70R14 ina 628.6, pungufu kwa asilimia 1 tu. Ni chaguo zuri la pili, ila soma habari ya usukani hapo chini kwanza.
185/70R14 ina 614.6, pungufu kwa asilimia 3.3. Si dhambi, lakini utahisi gari limeshuka.
185/80R14 ina 651.6, imezidi kwa asilimia 2.5. Inafaa steshenwagoni.

Wapo wanaoagiza Michelin XAS, tairi la enzi hizo linaloendelea kutengenezwa kwa ajili ya magari ya kale. Ni zuri na sura yake ndiyo yenyewe, lakini bei na usafirishaji vinataka mtu ambaye gari lake halibebi viazi.

Na usije ukashawishika kubadilisha rimu ili ufuate tairi lililopo dukani. Nati 4 za 504 zimekaa kwenye duara la milimita 140. Rimu za Toyota ndogo za nati 4 ni 100 au 114.3, kwa hiyo hata kushika hazishiki. Na ukiwa na 505 badala ya 504, itazame rimu vizuri. Baadhi zilitoka na rimu za TRX za milimita 390, ambazo si inchi 15 wala 16. Tairi la inchi halikai hapo kwa usalama, hata fundi akilazimisha kwa upepo mwingi.

"Usukani umekuwa mzito kama wa trekta"

Uliza presha kwanza. Tairi lenye upepo mdogo mbele hufanya usukani uwe mzito hata kama kila kitu kingine ni sawa. Ikiwa presha ni nzuri, tazama upana. 504 nyingi hazina pawa stering. Ukitoka 175 kwenda 195 unaongeza mpira unaosugua lami, na mabega yako ndiyo yanayolipa unapoegesha. Barabarani uzito huo hupungua, kwa hiyo ni suala la unaendesha wapi. Anayehangaika kila siku na maegesho ya Markiti atajuta. Anayetoka Jumapili kwenda Malindi hatajali.

Ukiwa mzito hata barabarani, na haurudi wenyewe baada ya kona, acha matairi. Hapo kagua boljointi na alaimenti, yaani namna magurudumu yalivyopangwa kuelekea mbele.

"Kuanzia 80 linatetemeka"

Hapa nikae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Tetemeko la usukani linatoka mbele. Tetemeko la kiti linatoka nyuma. Usiposadiki, hamisha matairi ya mbele yaende nyuma na ya nyuma yaje mbele, kisha rudi barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Tetemeko likihama pamoja na matairi, umeshika mwizi. Kazi hiyo inataka jeki, spana na saa moja.

Mimi sikuifanya mapema. Kiti kilikuwa kinatetemeka, na fundi, mtu wa heshima zake, akatia sikio chini ya sakafu akasema, "Mzee, hili bomba la shafti lazima lifunguliwe." Shafti ya 504 imefichwa ndani ya bomba linalokwenda hadi kwenye difu, na kulifungua si kazi ya asubuhi moja. Nikaomba siku mbili za kufikiri. Jioni hiyo nikaweka gari juu ya vigingi, nikazungusha gurudumu la nyuma kwa mkono huku nimeshikilia bisibisi karibu na uso wa tairi bila kuligusa. Tundu lile kati ya ncha ya bisibisi na mpira likawa linafunguka na kufumba, kama mdomo wa samaki. Tairi lilikuwa na uvimbe. Nyuzi za ndani zilikuwa zimeachana, na lilikuwa na miezi mitano tu tangu linunuliwe. Shafti yangu iko ndani ya bomba lake hadi leo.

Ikiwa tairi ni la duara safi, nenda kwenye balansi, lakini simama hapo hapo uangalie. Mashine ya kubalansi hushika rimu kwa tundu lake la katikati. Kwa rimu nyingi za chuma za zamani, tundu hilo halikuchongwa kwa usahihi wa kutegemewa, kwa kuwa kinachoiweka rimu sawa kwenye gari ni nati. Kwa hiyo mashine inaweza kubalansi kitu kilichokaa upande. Fundi mwenye sahani ya kushikia matundu ya nati aitumie. Asiye nayo mwombe ajaribu hivi: akishamaliza kuweka vyuma, alegeze rimu, aizungushe nusu duara juu ya mashine, abane, apime tena. Sufuri ikibaki sufuri au karibu na hapo, sawa. Ikiruka kuwa gramu 30 au 40, mashine haijaikamata rimu katikati na kazi yote ni bure.

Tetemeko la aina ya tatu ni lile la asubuhi. Gari limekaa wiki kadhaa bila kuguswa, unatoka nalo linadunda, kisha baada ya kilomita kumi au ishirini linatulia. Hilo ni tairi lililopata ubapa mahali liliposimamia. Likitulia likipata joto, usihangaike. Ila siku nyingine ukijua hutalitumia kwa mwezi, ongeza upepo kidogo au liweke juu ya vigingi. Likiwa halitulii hata ukifika Mariakani, ubapa huo ni wa kudumu na tairi limekwisha.

"Linavuta upande mmoja tangu nibadilishe matairi"

Pima presha. Kisha badilishana matairi mawili ya mbele, la kulia liende kushoto. Uvutaji ukigeuka upande, ni tairi: mengine hutoka kiwandani yamepinda kidogo ndani, hata machoni hayaonekani. Yapeleke nyuma, na kama ni mapya kabisa, yarudishe dukani. Uvutaji usipogeuka, ni alaimenti au breki inayoshikilia. Gusa rimu zote mbili baada ya mwendo. Ya moto kuliko mwenzake imejieleza.

Tairi linaisha vibaya

Kingo zote mbili zimeliwa: upepo mdogo. Katikati pameliwa: upepo mwingi, na hili naliona sana kwa sababu wajaza upepo wengi hutia 35 magurudumu yote manne bila kuuliza. 504 haitaki hivyo. Kitabu chake kinataka nyuma izidi mbele, na presha zote mbili ziko chini ya 35 ukiwa huna mzigo. Mpira umekatika kama meno ya msumeno ukiupapasa: alaimenti. Mabonde mabonde: shokap. Ukingo wa ndani wa matairi ya nyuma, kwenye saluni yenye magurudumu ya nyuma ya kujitegemea: springi zimelala, magurudumu yamejikunja kwa juu. Hapo tairi jipya litakufa kifo kile kile, badilisha springi kwanza.

"Ni jipya, lakini lina nyufa"

Basi si jipya. Ni ambalo halijatumika, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Saizi zisizouzika sana hukaa dukani, na 175/80R14 ni mojawapo. Zamani angalau viwanda vilikuwa jirani: Arusha kulikuwa na General Tyre, na Nairobi kulikuwa na kile kilichotengeneza matairi ya Yana, hadi uzalishaji wake uliposimama mwaka 2016. Leo saizi ya gari la kale huja kwa meli, na ikifika husubiri mnunuzi mmoja baada ya mwingine.

Tafuta maandishi ya DOT ubavuni, kisha soma tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo huwekwa upande mmoja tu, kwa hiyo kama tairi limeshafungwa na huzioni, ziko kwa ndani. Lala chini na tochi. Ukikuta tarakimu tatu tu, tairi hilo lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, liache. Michelin wenyewe hushauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya kutimiza miaka 5 ya matumizi, na likitimiza 10 tangu litengenezwe libadilishwe hata kama linapendeza. Kwenye magari yetu haya, ambayo hayatembei sana, tairi hufa kwa umri kabla ya kufa kwa kilomita. Meno bado marefu, mpira umekuwa ubao. Siku ya mvua ya kwanza utajua.

Mtego mwingine ni mng'aro. Tairi la mtumba likipakwa rangi nyeusi ubavuni hung'aa kushinda jipya. Kunja ubavu kwa dole gumba: nyufa hufunguka chini ya rangi. Na tazama ndani ya mifereji. Kuna vipara huchongwa upya kwa kisu cha moto ili vionekane vina meno. Mfereji uliochongwa kwa mkono hauna kina kinacholingana, na zile tuta ndogo za kiwandani ndani ya mfereji, zinazoonyesha milimita 1.6 za mwisho, huwa zimekatwa. Ukiona hivyo, kinachobaki kati yako na lami ni nyuzi.

"Kila wiki najaza upepo"

Ukiishi pwani, anza na rimu. Chumvi ya bahari hula ukingo ambapo tairi linakalia, na kutu ikishanyanyuka upepo hupita taratibu bila pancha yoyote. Paka maji ya sabuni pale mpira unapokutana na chuma utaona vipovu vidogo, kama vya uji unaoanza kuchemka. Toa tairi, sugua hadi chuma cheupe, paka rangi ya kuzuia kutu, iache ikauke kabisa, na badilisha valvu ya mpira siku hiyo hiyo.

Fundi wengi watakwambia tia tyubu. Si kosa, na rimu nyingine za zamani zinaihitaji kweli kwa kuwa hazina ule mwinuko wa ndani unaoshikilia tairi lisilo na tyubu. Lakini tyubu iwe ya radiali na ya saizi yake. Papasa ndani ya tairi kabla haijaingia: karatasi zilizobandikwa kiwandani na kila kipele kitoke, maana husugua tyubu polepole hadi itoboke, na itatoboka ukiwa na mzigo.

Gari linaruka kama mbuzi, au tairi la nyuma limetoa tumbo

Ni tatizo moja lenye nyuso mbili: uwezo wa kubeba haukulingana na gari.

Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 88T. 88 maana yake tairi moja hubeba kilo 560. 82, inayopatikana kwenye 175/65R14 nyingi, ni kilo 475. Kwa matairi manne umepoteza kilo 340, sawasawa na watu watano. Sasa tia hilo kwenye steshenwagoni yenye abiria saba, magunia, na jiko la mama mkwe juu ya keria. Ubavu hujikunja, hupata joto, hutoa tumbo, kisha hupasuka.

Upande wa pili ni yule anayeogopa kupasuka, akafunga saluni yake 185R14C ya 8PR, tairi la magari ya mizigo. Linabeba kilo 850 moja. Saluni tupu haina uzito wa kulikunja, kwa hiyo kila jiwe linafika mgongoni, na kwenye lami yenye maji linateleza kuliko unavyodhani. Pikapu na steshenwagoni ya kazi, sawa kabisa. Saluni, hapana.

Linagusa bodi

Geuza usukani mwisho kulia, kisha mwisho kushoto, gari likiwa na watu ndani. Likigusa, alama utaiona kwa ndani ya ubavu au kwenye ukingo wa matigadi. Kama saizi ni sahihi na bado linagusa, springi zimelala. Usikubali mtu akupigie nyundo matigadi.

Pesa zinatosha mawili tu

Yafungwe pamoja kwenye ekseli moja, na kwa maoni yangu yaende nyuma. Najua mafundi wengi huyaweka mbele, kwenye usukani. Lakini mbele likiteleza unahisi kwa mkono na kupunguza mwendo. Nyuma likiteleza kwenye mvua ya Mei, gari linakugeukia kabla hujatia neno. Usichanganye radiali na matairi ya nyuzi za mkingamo, yale ya kizamani ambayo nyuzi zake za ndani hupishana. Hatari hiyo iko zaidi kwa wenye magari ya zamani kuliko letu, kama Volkswagen zenye matairi ya 5.60-15. Hao wachukue 165R15 zote nne, kimo chake kinakaribiana sana.

Na spea mlipe deni lake. Kwenye 504 niliyoinunua, spea lilikuwa na tarakimu tatu.

Ukishafunga, kaza nati kwa msalaba, si kwa kuzunguka. Tembea kilomita 50 hadi 100, simama mahali tambarare, kaza tena rimu ikiwa imepoa. Rangi mpya uliyopaka chini ya nati hubanwa na kusagika, na nati iliyokuwa imekaza jana hupatikana leo inazunguka kwa vidole.